Bunga Juu ya Turbo

Siku ya kwanza asubui, Maman Colombe alikanyaga mafuta ya moteri mu kanjia ya Kadutu, mu Bukavu, miguu ikaelekea Ruzizi, kichwa ikabakia Kadutu. Beseni yake ya tomati ilimutangulia. Tomati zilishuka kilima mbio sawa batoto benye wametoka masomoni, zingine zikaingia mu parcelle za batu bila kupiga hodi. Colombe hakulia. Alikaa chini mu matope, akaleta mukono ku pua, akanusa, kisha akatangaza kwa sauti yenye kilima nzima ilisikia:

"Hii ni Décompte."

Hakuna mutu aliuliza Décompte ni nani. Ilikuwa gari ya Papa Cyprien na Maman Emérence, ile ya rangi ya majivu yenye ilikuwa inasimama pembeni ya njia, magurudumu mbili juu ya mawe. Cyprien aliendesha patron ya shamba moja ya majani ya chai miaka makumi mbili na mbili. Siku shamba ilifungwa, patron alikuwa amekwisha kuruka na ndege, na mu sanduku ya feza mulikuwa panya. Basi bafanyakazi baligawanya vitu. Mumoja alipata baiskeli. Mwingine alipata frigo, na kwao umeme haijafika mupaka leo, anaweka ndani viatu vya kanisa. Cyprien akapewa gari ya patron, na karatasi yenye kuandikwa juu yake "décompte final", malipo ya mwisho. Njo jina ya gari.

Tangu siku ile, Décompte njo ilikuwa shamba yao. Mara tatu kwa juma ilikuwa inateremuka Katana, inarudi na bamama, mihogo, ndizi na kuku zenye zinalalamika. Na kama inakwenda, ilikuwa inabeba bagonjwa ya hospitali, yule ya kulala nyuma, yule ya kukaa mbele. Sasa ilikuwa inatoka mafuta sawa mutoto mwenye mafua.

Emérence alishuka mbio na kikapo, akaokota tomati na Colombe, zenye zilipasuka akamulipa na maharagi. Alikuwa anapangusa muguu ya mwenzake na kanga yake wakati chef ya quartier, citoyen Maneno, alifika na cahier yake ya kuandikia chini ya kwapa. Maneno hakuwa mutu mubaya. Alikuwa tu mutu mwenye cahier.

Aliangalia mafuta, akafuata alama yake mupaka chini ya gari, akakohoa.

"Maman Emérence, njia ni ya batu," akasema. "Gari yenye inakojoa mu njia ya batu, haiwezi kubakia mu njia ya batu. Siku ya sita, ya posho, kisha salongo ya kusafisha mifereji, kama haijatoka, citoyen Adalbert atakuja kuivuta, aipeleke kwake Muhumba. Nimekwisha kusema naye."

Njo ile ilimuuma Emérence. Haikuwa kuvutwa. Ilikuwa kusikia kama walikwisha kusema.

"Itatoka," akajibu. "Lakini itatoka kwa miguu yake."

* * *

Adalbert walikuwa wanamujua. Juma yenye ilipita walipeleka Décompte ku garaji yake Muhumba, ikifuka moshi ya bluu mupaka batu ya balabala wakafunga madirisha. Adalbert alitoka na suti yake ya abacost ya kupigwa pasi, mikono mu mifuko. Cyprien akafungua kapo, kifuniko ya moteri. Adalbert akainama kidogo sawa mutu mwenye anasalimia maiti ya mutu hakumupenda, na mikono haikutoka mu mifuko hata mara moja.

Akasema turbo imekufa. Akaeleza kwa Cyprien, bila kuangalia Emérence, kama turbo ni ile kikonokono ya chuma yenye inapulizia moteri hewa, inazunguka kupita ndege, haitengenezwi mu Zaïre yote, inatoka Bulaya. Bei yenye alitaja, mutu angeweza kuoa nayo bibi wawili na kubakia na mbuzi. Lakini juu ya urafiki, alikuwa tayari kuwasaidia: wamuachie gari sawa chuma, awape kitu kidogo, waendelee na maisha.

Emérence aliuliza mafuta inatokea fasi gani. Adalbert akacheka, akaambia bafanyakazi yake kama maman anataka kujua fasi. "Maman," akasema, "turbo si sufuria." Bafanyakazi bakacheka juu patron amecheka.

Tangu siku ile Cyprien alilala akiangalia ukuta. Kama anaamka, anakula, anarudilia ukuta yake. Bibi yake alifikiri ni uchungu ya gari. Ilikuwa uchungu ya gari, lakini kulikuwa na kitu ingine ndani yake, na ile kitu Cyprien alikuwa anailalia sawa kuku juu ya yayi bovu.

* * *

Siku ya pili Emérence alifungua kapo yeye mwenyewe. Hakujua moteri. Alijua kitu ingine: mu maisha yake alikuwa ametafuta fasi dari inavuja, fasi beseni inavuja, fasi feza ya kulipia masomo inavuja, na zote alizipata. Kitu yenye inavuja, alisema, inavujia fasi moja, kisha inachafua fasi yote ili usijue.

Akachukua mutambara, maji ya moto na sabuni ya unga, akasugua ile kikonokono na mifereji yake mupaka chuma ikaonekana rangi yenye ilizaliwa nayo. Akakausha. Kisha akaingia mu jikoni, akatoka na lungo ya bunga ya muhogo, akaanza kuipakaza juu ya turbo na mikono mbili, taratibu, sawa mutu mwenye anapakaa mutoto poda.

Jirani yake Domitille, juu ya uzio, akaita wengine. Walikuja kuangalia. Mumoja akauliza kama Décompte inakula bugali sasa. Mwingine akasema hapana, ni ndoa, iko wanapamba bibi-arusi. Domitille akauliza sombe ya kuila nayo iko wapi.

"Muko na meno ya kucheka, muko na mikono pia," Emérence akawaambia. "Mumoja aniitie bwana yangu awashe."

Cyprien alitoka na uso ya usingizi, akakaa mu kiti, akawasha. Moshi ya bluu ikajaza parcelle, kuku zikakimbia. Emérence hakuangalia moshi. Alikuwa ameinama, macho karibu na bunga, anangojea. Bunga ilibakia nyeupe kwa tumbo ya kikonokono. Ilibakia nyeupe kwa mugongo. Kisha kule juu, fasi mufereji mwembamba wa mafuta unaingia, na vis yake kubwa ya kukazia, yenye tundu katikati, bunga ikageuka rangi ya chai. Ikageuka kahawa. Toni moja ya mafuta ikajiumba, ikashuka pole pole kwa mbavu ya turbo, ikafika chini ku mufereji munene wenye mafuta inarudilia, ikaning'inia pale, ikaanguka.

"Zima," akasema.

Akanyoosha kidole. Mafuta ilikuwa inatoka juu, si chini. Turbo yenyewe haikutoa kitu kwa mwili yake. Cyprien aliangalia kidole ya bibi yake, akaangalia ile toni, na uso yake ikafanya kitu Emérence hakuelewa: haikufurahi. Ikawa ya haya.

"Na moshi?" akauliza, kwa sauti ya chini. "Moshi inatoka wapi?"

"Tuanze na ile tunaona," Emérence akajibu.

* * *

Walifungua ile vis na clé ya kumi na saba, spana yenye waliomba kwa mutengenezaji wa baiskeli. Chini yake na juu yake mulikuwa pete mbili za shaba, nyembamba, zimelika sawa sabuni ya mwisho ya mwezi. Njo hizi tu. Pete mbili zenye mutoto anaweza kumeza.

Emérence aliziviringa mu kitambaa, akashuka soko ya Kadutu kwa Muzee Almasi, fundi wa sufuria na mbabula za makaa. Almasi alikuwa wa familia ya Waislamu ya Uvira, ndevu nyeupe, kofia nyeupe, ulimi mweusi wa mizaha. Aliweka zile pete juu ya kucha yake, akazipima na jicho.

"Kutengeneza naweza," akasema. "Lakini shaba ya unene hii sina. Bati ninayo. Bati itakupeleka Bagira, haitakurudisha."

Emérence akaangalia zile pete juu ya ile kucha. Kisha akaanza kuvuta mulinga ku mukono yake ya kushoto. Ilikuwa ile bangili ya shaba ya Bushi, yenye mama yake alimuvalisha siku alitoka kwao kwenda kwa Cyprien. Haikutoka miaka kumi na nane. Alitema mate, akazungusha, ngozi ikavutika, mwisho ikatoka na kumuachia pete nyeupe ya ngozi yenye haijaona jua.

Almasi hakunyoosha mukono mara moja.

"Mwanangu, hii ni ndoa yako."

"Ndoa yangu iko inalala inaangalia ukuta, Muzee. Kata."

Muzee akacheka mupaka kofia ikasogea. Kisha akaacha kucheka, akafanya kazi na heshima. Alikata kipande kwa mulinga, akakiweka mu makaa mupaka kikawa chekundu, akakitumbukiza mu maji. Akapiga nyundo. Akarudisha mu makaa. Akamueleza kama shaba ni sawa mwanaume: ukiigonga ikiwa baridi inapasuka, ipashe moto, izamishe mu maji, utaikunja unavyotaka. Hata siku utaifunga ku gari, akasema, ipashe kwanza iwe laini, itajilalia yenyewe mu fasi yake.

Akatoboa, akapiga tupa, akapima na zile za zamani. Alitoa nne, mbili za kuvaa na mbili za akiba. Kipande yenye ilibakia akaikunja, akamurudishia. Emérence alipouliza malipo, Almasi akasema siku atakufa wamupeleke Katana na Décompte, akae mbele. Emérence akamukumbusha kama maiti inakaa nyuma. Basi, muzee akajibu, atachelewa kufa.

* * *

Siku ya tano, asubui, kisha kufunga zile pete mbili za juu, Emérence akasema sasa wafungue ule mufereji munene wa chini, waangalie kama na ule hauna pete imelika.

Cyprien akaweka clé chini.

"Ule uko muzuri," akasema.

"Ulijuaje?"

"Uko muzuri tu."

Emérence alimuangalia. Miaka kumi na nane ya mutu, unajua bongo yake fasi inalala. Akachukua clé yeye mwenyewe, akaingia chini ya gari na kanga yake, mugongo juu ya kartoni. Kulikuwa boulon mbili za kukaza. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Mufereji ukaanguka mu mukono yake, akauleta ku mwangaza, akaangalia ndani. Hakuona mwangaza ngambo ingine.

Akatafuta kijiti, akachokora. Kitu ikaanza kutoka: ya manjano-nyeusi, ngumu inje, laini ndani, sawa bugali yenye imelala siku tatu. Akanusa.

Alitoka chini ya gari polepole, na ile kitu juu ya kijiti.

"Cyprien. Hii ni sabuni."

Mu Bukavu yote, mutu mwenye reservoir yake, ile tanki ya mazuta ya kuendeshea, inatoboka anajua: unachukua sabuni ya kipande, unakanda na nyuzi ya mugomba, unaziba, unafika nyumbani. Batate yetu bameziba vile, bapere ya misioni bameziba vile. Cyprien alikaa juu ya jiwe, akasema yote, akiangalia miguu yake. Ilikuwa njia ya Kavumu, wiki tatu sasa. Aliona mafuta inadondoka pale chini, akafikiri ule mufereji wa chini umepasuka. Kulikuwa mugonjwa nyuma, bamama wanapiga makelele. Alilegeza, akasokota sabuni mingi mule ndani, akafunga. Kwa mazuta ya baridi, sabuni inakaa. Kwa mafuta ya moto ya moteri iliyeyuka, ikashuka mu mufereji, ikapikika, ikaganda. Mafuta inaingia mu turbo, haina mulango ya kutokea. Basi ikatafuta mulango yake, kwa mufereji wa moshi.

"Kisha moshi ilianza, nikajua nimeua gari," akasema. "Miaka makumi mbili na mbili, na nimeiua na sabuni. Ningekuambia nini? Adalbert aliposema turbo imekufa, nilishukuru. Nikafikiri, basi, ni turbo. Si mimi."

Emérence alikuwa na mengi ya kusema. Yalikuja yote mara moja mu mulango ya kinywa, yakakwama kama batu wa soko mu mulango ya kanisa, na badala yake kikatoka kicheko. Alicheka mupaka akashika gari. Alisema kama mu nyumba hii sabuni ya kunawa iko inakosekana, na Décompte iko inaoga mupaka tumboni. Cyprien aliinua macho kuangalia kama ni kicheko ya vita. Haikuwa. Akacheka pia, kidogo, na machozi yake akayafutia mukono wenye mafuta, akabakia na uso ya kuchorwa sawa mutu wa sinema.

"Sasa simama," bibi yake akamwambia, "juu mimi sijui kufunga yenye ulifungua. Na joint ya chini, ile ya kuziba katikati ya chuma mbili, ilipasuka. Inataka kartoni ngumu."

Cyprien akaingia mu nyumba. Alipotoka alikuwa na livret yake ya kazi, kile kitabu cha rangi ya kahawa, yenye mihuri ya mwaka kwa mwaka. Akapasua jalada. Akaiweka juu ya tundu, akaipigapiga na kinyundo mupaka chuma ikaandika umbo yake juu ya kartoni, akaikata na wembe, akailoweza mu mafuta. Emérence alimushikia kartoni. Kuna siku mutu anapasua kitu na unajua usimuulize juu ya nini.

Walisafisha mufereji na mazuta mara tatu, mupaka wakaona jicho ya mwenzake ngambo ingine.

* * *

Siku ya posho, kilima nzima ilikuwa mu salongo, majembe na makoleo mu mifereji ya maji. Adalbert alifika mbele ya saa. Aliweka camion yake ya kuvutia katikati ya njia, kule juu, na munyororo ukilia nyuma yake. Alishuka na abacost, na karatasi ya kuachia gari yenye imekwisha kuandikwa, inakosa tu kidole ya Cyprien.

Cyprien alikuwa mu kiti yake, mikono juu ya usukani. Emérence alikuwa amepakaza bunga tena juu ya turbo, na chini ya moteri akaweka lungo, nayo amejaza bunga, nyeupe sawa kitambaa ya komunyo.

"Citoyen Maneno," akasema, "karibia. Wewe uko na cahier. Andika yenye utaona."

Cyprien akawasha.

Moshi ikatoka. Bluu, nzito, mingi kupita ya juma yenye ilipita, ikafunika bamama na majembe yao, ikafunika Maneno na cahier. Batu wakaanza kukohoa. Adalbert akatoa kitambaa ku pua, akaangalia saa yake. "Nilisema," akasema kwa upole, sawa docteur.

Cyprien, ndani, aliangalia bibi yake, mukono juu ya ufunguo ya kuzimia. Bibi yake akatikisa kichwa: usizime.

"Hata mutu mwenye anaacha tumbaku," sauti ya Muzee Almasi ikatoka mu moshi, "anakohoa kwanza."

Na kweli. Mafuta ya zamani yenye ililala mu mufereji wa moshi ilikuwa inaungua. Dakika moja. Dakika tatu. Moshi ikawa nyembamba, ikawa ya majivu, ikawa hewa tu yenye inatetemeka. Moteri ikabakia inaimba peke yake. Domitille, na mabuti ya salongo, akasema haleluya moja, si ya kupiga kelele, ya chini tu.

Maneno alipiga magoti mbele ya lungo. Aliangalia kushoto, akaangalia kuume, akagusa bunga na kidole. Akasimama, akaingiza kichwa chini ya kapo. Alipotoka alikuwa na poda ku pua.

"Nyeupe," akasema. Akaandika.

"Leo nyeupe," Adalbert akasema. "Kesho itavuja."

"Kesho nitapakaa bunga tena," Emérence akajibu. "Sasa, papa, utoe camion yako. Tuko na safari."

Adalbert hakuharakisha. Alikunja karatasi yake taratibu, akaiweka mu mufuko, akaangalia camion sawa hajui ni ya nani. Aliambia Maneno kama gari ya mafundi ya jikoni ni hatari kwa batu, kama chef anaelewa, kama walikwisha kusema. Batu walikuwa wameacha kulima mifereji. Walisimama tu na majembe yao.

Maneno alifunga cahier.

"Citoyen Adalbert," akasema, "njia ni ya batu."

Camion ikarudi nyuma, munyororo ukilia.

Maman Colombe alikuwa wa kwanza kufungua mulango. Aliweka beseni yake nyuma, yeye akaja mbele, akasukuma Emérence katikati.

"Mimi nakaa mbele," akasema. "Nilikwisha kulipa na matako."

Décompte ikashuka mawe yake mbili, ikaingia mu njia. Walipita Bagira, ziwa ikatokea ku mukono ya kuume, wakaacha mji. Cyprien aliendesha na sikio moja mu moteri. Emérence alitoa mukono yake ya kushoto, akaipumuzisha juu ya magoti ya Colombe, na ile pete nyeupe ya ngozi ikaanza kuona jua.

Karibu na Kavumu, fasi ile ya sabuni, gari ikapunguza mwendo.

"Tusimame tuangalie bunga?" Cyprien akauliza.

Bibi yake aliangalia mbele, kule Katana.

"Pita," akasema.